Siku Wapangaji Tulipoulizwa Maoni

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya barabara mjini Meru, na mshahara wake ulitosha chumba kimoja. Tulikipata mtaa wa Waislamu, karibu na soko, katika nyumba ndefu ya udongo iliyopakwa chokaa, yenye ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Paa lilikuwa la madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa kwa nyundo. Ukilala chali ungeweza kusoma herufi za kiwandani, zingine zikiwa kichwa chini. Mimi nilitoka Githongo, mlimani, kwenye nyumba ya mama yangu yenye nyasi juu na moshi ndani, na wiki ile ya kwanza nilijiona nimehamia Ulaya. Kisha mvua ikaja.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa mchinja ng'ombe, na sote tulimwita Bibi. Mama yake alikuwa Mmeru kama mimi. Baba yake alikuja zamani na msafara wa askari. Wengine walisema ni Mnubi, wengine Mmanyema, na yeye akiulizwa alijibu kwamba alikuwa Mwislamu na inatosha. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Sisi wapangaji tulikuwa tumekiokota kila mmoja mahali pake, huyu shuleni, yule sokoni, mwingine jeshini, na kila mmoja alikuwa ameokota vipande tofauti. Bibi hakuweza kuvumilia. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hapokei malalamiko yaliyosemwa kwa Kiswahili kibovu.

Niliijua sheria hiyo asubuhi nilipoamka na maji kwenye blanketi. Nilimkuta uani, ameketi juu ya kigoda akipepeta mchele.

"Bibi, nyumba yangu inanyesha."

"Kwanza shikamoo."

"Shikamoo, Bibi. Nyumba yangu inanyesha."

"Marahaba. Nyumba hainyeshi, mwanangu. Mvua ndiyo inayonyesha. Nyumba inafanya nini?"

Sikujua. Kwa Kimeru ningemweleza mpaka ukubwa wa matone, lakini alinikatiza nilipoanza.

"Hapa ni mjini. Nenda ukafikiri, ukipata neno urudi."

Jioni mume wangu aliniuzia neno hilo kwa masharti kwamba nimpikie chapati. Nyumba inavuja. Niliporudi nalo uani, mvua ilikuwa imekatika siku ya pili na mbingu ilikuwa buluu tupu. Bibi akatazama juu, akanitazama, akasema, "Inavuja wapi? Nionyeshe."

Basi nikaanza kujifunza. Nilitaka paa litengenezwe, na njia ya kwenda kwenye paa ilipitia kwenye ngeli za maneno. Nilijifunza kitanda changu na mlango wangu, ukuta na kuta, ufa na nyufa. Kila nilipopata neno jipya, Bibi alifurahi kiasi cha kusahau kwamba lilikuwa la kumlalamikia. Mwaka ulipoisha niliweza kumwelezea ubovu wa nyumba yake kwa Kiswahili safi kuliko mwanamke yeyote wa mlimani. Paa lilikuwa bado linavuja.

Mkabala na chumba chetu, ng'ambo ya ukumbi, aliishi fundi seremala, Mmbeere kutoka Siakago. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na Kiswahili chake kilimtia Bibi homa. "Kitanda yangu iko na maji," alisema kila mara, na Bibi alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mara mbili fundi alijitolea kupanda juu alitengeneze paa mwenyewe, bila malipo. Mara zote mbili Bibi alimwambia aliseme ombi hilo sawasawa kwanza.

Hii ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Kizungu ikipigana na wapiganaji wa msituni. Watu wetu, Wameru na Waembu na Wambeere na Wakikuyu, hawakwenda popote bila pasi. Kwenye pasi ya fundi palikuwa na muhuri ulioonyesha anafanya kazi Meru na analala nyumba ya nani. Akikosa mahali pa kulala, muhuri umekufa. Na muhuri ukifa, anapandishwa lori na kurudishwa kwao, kwenye kijiji chenye handaki na ulinzi, akachimbe mitaro. Hilo tulilijua sote bila kulisema. Kwa hiyo siku aliponigongea mlango akiwa na uso wa majivu, nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba jambo lenyewe ni la nyumba.

"Mama, Bibi amesema nitoke. Siku nne tu. Kijana ya dada yake anaoa, anataka hii chumba yangu."

"Umemwomba akuongeze siku?"

"Nimeomba. Amesema ombi ilikuwa na makosa tatu."

Nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikaona yeye hacheki. Mume wangu alimletea kikombe cha chai, akamkalisha kitandani. Tulimtafutia chumba mtaa mzima siku zile. Hapakuwa na hata kona. Watu wengi walikuwa wamekimbilia mjini kutoka mashambani, na mwenye nyumba yeyote angeweza kumtoa mtu asubuhi, jioni akaingiza mwingine.

Siku ya kwanza ya hizo nne ndipo mpiga mbiu alipopita. Bwana DO, yaani ofisa wa Kizungu aliyekuwa chini ya mkuu wa wilaya, alikuwa ameitisha baraza siku ya tatu yake, kwenye uwanja wa mahakama. Serikali ilikuwa inafikiria kujenga nyumba za mawe za wafanyakazi upande wa Kinoru, tena inafikiria kuweka sheria kwamba mpangaji asitolewe bila notisi ya miezi mitatu. Kabla ya kuamua, ilitaka kusikia maoni ya watu.

Nitaeleza jinsi habari hiyo ilivyotushangaza. Tulikuwa tumezoea kuulizwa tumetoka wapi, tunakwenda wapi, na karatasi iko wapi. Kuulizwa tunaonaje lilikuwa jambo jipya kabisa. Jirani yetu mmoja, mwuza tumbaku wa chumba cha mwisho, aliamini ni mtego. "Wakishajua unaonaje," alisema, "wanajua pa kukupata."

Lakini fundi hakuwa na muda wa kuogopa mitego, na sisi tulimpenda. Tuliamua mtu mmoja asimame kwa niaba ya wapangaji wote. Tatizo lilikuwa kupanga maneno yenyewe, kwa sababu watu wengi kukaa pamoja bila kibali kulikatazwa, na askari wa doria walichungulia uani kwetu kila walipopita. Mke wa mwuza tumbaku ndiye aliyepata dawa. Alileta ungo wa maharagwe, tukauzunguka sote, wanaume na wanawake, tukaanza kuchambua mawe.

"Nyinyi mnafanya nini hapo?" askari aliuliza.

"Tunachambua maharagwe, afande."

"Watu wote hawa?"

"Yana mawe mengi, afande."

Akaenda zake. Kwa bahati mbaya mikono mingi huchambua haraka, na maharagwe yaliisha kabla hatujafika popote. Ikabidi tuyarudishie mawe. Kufika kikao cha pili tulikuwa tumeyachambua maharagwe yale mara tano, na askari yule yule akasimama mlangoni akitikisa kichwa, akatuambia tuhame duka tunalonunulia.

Kikao kilinichagua mimi. Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali, hakuweza kusimama kuiambia serikali kitu. Mwuza tumbaku alisema anaumwa koo, na koo lake lilimwanza pale pale. Fundi mwenyewe akiongea, tulihofia Bibi angemsahihisha mpaka baraza liishe. "Wewe una Kiswahili," waliniambia. Nilikataa, nikakataa tena, halafu nikamwona fundi anafunga misumari yake kwenye kitambaa, tayari kwa safari. Nikakubali.

Siku ya baraza uwanja ulijaa. Bwana DO alikuwa kijana mwenye masikio mekundu, na kando yake mkalimani wa kutufasiria kwa Kimeru, mtu mnene aliyevaa koti la sufu kwenye jua. Bwana DO alisema Kiswahili chake cha kitabuni, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Akaeleza habari za nyumba na za notisi. Kisha akasema: wanaokubali wasimame upande wa kulia, wanaokataa upande wa kushoto.

Uwanja mzima ukaenda kulia. Tulikwenda wapangaji, wakaenda wenye nyumba, wakaenda wenye maduka na wachinja ng'ombe na hata wanawake waliokuja kuuza ndizi tu. Nani angesimama upande wa kukataa, mbele ya askari wenye bunduki, mwaka ule? Bwana DO alifurahi sana. Akaanza kutuhesabu.

Alihesabu taratibu, na upande wa kulia ulikuwa juani kabisa. Upande wa kushoto ulikuwa na kivuli cha jengo la mahakama. Mzee mmoja mwenye kipara alivumilia, akavumilia, mwisho akavuka, akaketi kivulini. Alipoona hakukamatwa, wawili wakamfuata. Wakaja akina mama wenye watoto mgongoni. Bwana DO alipofika katikati ya hesabu akainua macho, akakuta nusu ya mji umebadilisha maoni.

"Kwa nini hawa wanakataa?" alimuuliza mkalimani.

Mkalimani akapanguza jasho. "Wanaona mambo kwa upande wa pili, Bwana."

Sijui jinsi maoni yetu yalivyoandikwa kwenye daftari lile. Bwana DO akafuta, akahesabu upya, akafuta tena, kisha akauliza kama kuna mtu anayetaka kusema kwa mdomo. Mume wangu alinikanyaga mguu. Nilisimama.

Nilisema tunakaa katika nyumba zenye kuta zenye nyufa na paa linalovuja, na hatulalamiki sana, kwa sababu bora kuvujiwa kuliko kulala nje. Lakini mtu anaweza kuwa amelipa, amefagia, hajamkosea mtu, na bado akaambiwa aondoke katika siku nne. Nilisema siku nne zinatosha kukausha mahindi. Hazitoshi kuhamisha maisha ya mtu. Nikasema wapo ambao wakipoteza chumba wanapoteza na kazi, na pasi, na mji. Sikumtaja fundi wala Bibi. Haikuwa lazima. Mtaa wetu wote uligeuka kumtazama Bibi, aliyekuwa ameketi mbele kwenye kigoda alichokuja nacho, amejifunika buibui jeusi, amenyooka kama mwiko.

Nilipoketi, Bibi akasimama.

"Bwana DO," alisema, "mwanamke huyu amesema vizuri. Nami nina swali. Nyumba yangu nilijengewa na marehemu mume wangu, kwa mikono yake. Ardhi iliyo chini yake ni ya serikali. Kila mwaka napewa karatasi inayosema naweza kukaa, na chini ya karatasi imeandikwa kwamba serikali ikitaka kiwanja chake, niondoke. Haisemi ni siku ngapi. Sheria hii ya miezi mitatu inanihusu na mimi? Au mpangaji wa serikali si mpangaji?"

Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile zaidi ya mwaka, na jambo hilo sikulijua. Hakuna aliyelijua katika vyumba vyote. Tulidhani Bibi na ile nyumba walitoka ardhini pamoja.

Mkalimani hakufasiri. Alitazama viatu vyake. Bwana DO, ambaye Kiswahili cha Bibi kilikuwa kimempita kama treni, alishika maneno mawili matatu, akatabasamu kwa heshima. "Asante sana, mama. Maoni mazuri."

"Sikutoa maoni, Bwana," alisema Bibi. "Nimeuliza swali."

Kuna mtu aliyecheka nyuma. Kisha mwingine, na kicheko kikasambaa uwanja mzima, kulia na kushoto, mpaka askari mmoja akaficha mdomo kwa mkono. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka wengi pamoja namna ile katika miezi yote iliyotangulia. Masikio ya Bwana DO yalizidi kuwa mekundu. Akamwita mkalimani, akamlazimisha amweleze lote, neno kwa neno, sikioni. Akasikiliza. Akavua kofia yake akaitazama ndani.

"Sijui," alisema mwishoni. "Nitauliza."

Watu wakatazamana. Serikali kusema haijui, hilo lilizungumzwa mjini kuliko nyumba za mawe zenyewe.

Niliporudi nyumbani nilitembea haraka ili nisikutane na Bibi, lakini alikuwa na miguu myepesi kuliko nilivyodhani. Alinifikia kwenye kona ya soko, kigoda kwapani.

"Ulisema maneno mazito mbele za watu."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Sitaki msamaha. Nataka kujua, zile siku nne. Ni kweli atarudishwa kwao kwa lori?"

"Kweli, Bibi. Pasi yake imeandikwa nyumba yako."

Alitembea mpaka karibu na mlango. "Hakuniambia."

"Alijaribu."

Bibi alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatafuta neno. "Labda alijaribu," alisema. "Mimi nilikuwa nasikiliza makosa."

Jioni hiyo hiyo alimwita fundi uani, akamwambia aseme atakavyo, kwa Kiswahili chochote, hata Kimbeere. Fundi alisema sentensi moja ndefu yenye makosa ambayo hata mimi niliyaona, na Bibi alikaa kimya mpaka mwisho, akibonyeza vidole vyake tu. Akaamua fundi abaki. Lakini mpwa wa Bibi alikuwa anaoa kweli, na harusi haikuweza kungoja. Ndipo fundi akapendekeza akigawe chumba cha Bibi mwenyewe, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kwa ukuta wa mbao. Alifanya kazi siku mbili, na ya tatu akapanda juu ya paa bila kumwomba mtu ruhusa.

Bwana harusi na bibi harusi wakahamia nusu ya pili. Mbao zilikuwa nzuri ila nyembamba. Kila bibi harusi alipomwita mumewe kipenzi, upande wa pili palisikika kikohozi. Kila Bibi aliposali alfajiri, mpwa wake alilazimika kuamka asali pia, kwa vile hakuweza kusingizia hakusikia. Baada ya miezi michache bibi harusi alikuja chumbani kwangu kuniuliza zile nyumba za mawe za Kinoru zinajengwa lini, akasema kama baraza lingine litaitishwa yeye atasimama upande wa kulia hata kama jua litamchoma.

Nyumba za mawe zilijengwa, chache mno. Mume wangu alipewa nafasi ya kwenda kuziangalia, nami nikafuatana naye. Zilikuwa imara, baridi, zenye sakafu ya saruji na dirisha la kioo. Mlangoni palibandikwa karatasi ya masharti: hakuna kuku, hakuna wageni wa kulala, hakuna kupiga misumari ukutani, hakuna kupika nje. Mume wangu aliisoma mara mbili. "Mama yako akija tutamweka wapi?" aliniuliza. Tuliipenda sakafu ile, siwezi kusema uongo, na nilivua viatu nikaikanyaga kidogo. Kisha tukarudi mtaani. Nyumba hizo zilikwenda kwa makarani wasio na jamaa wengi, kama wapo, na kwa watu wa chifu.

Ile sheria ya notisi hatukuisikia tena wakati ule. Lakini Bwana DO aliuliza, kama alivyosema. Baada ya muda mrefu, yeye mwenyewe akiwa amehamishwa, Bibi alipata barua yenye muhuri wa serikali. Mume wangu ndiye aliyeisomea familia nzima ya nyumba ile uani. Ilikuwa fupi. Ilisema suala lake kuhusu kiwanja limepokelewa na linaendelea kufikiriwa, na atajulishwa mara uamuzi utakapotolewa.

Sisi tulisikitika. Bibi alifurahi kama aliyepewa hati ya shamba. Alimwagiza fundi aitengenezee barua ile fremu ya mvule, akaitundika ukumbini, usawa wa macho. Tangu siku hiyo, kila mkaguzi wa viwanja alipokuja na vipimo vyake na daftari lake, Bibi alimpeleka kwanza mbele ya fremu.

"Soma, mwanangu. Serikali bado inafikiri. Tuiache ifikiri, tusiisumbue."

Mkaguzi alisoma, akakuna kichwa, akaondoka. Wakaja wakaguzi wengine, vijana zaidi, nao wakasoma wakaondoka. Hali ya Hatari ikaisha, pasi zikatupwa, bendera ikabadilishwa, na hakuna aliyekuja kumwambia Bibi kwamba uamuzi umetolewa. Fundi alirudi Siakago kwa hiari yake, kwa basi, pamoja na meza mbili alizozitengeneza mwenyewe. Sisi tulijenga kwetu Githongo. Bibi alifia katika chumba chake, upande wake wa ukuta wa mbao, na tulipokwenda kuzika, wapangaji tusiojuana wa miaka tofauti tuliujaza ua mpaka barabarani, kila mmoja akimsimulia mwenzake siku Bibi alipomfukuza na sababu iliyomfanya abaki.